Niache mgodi nikasomee urubani, na nyumba nimwachie nani?

Jambo Yaya,

Mimi ni baba wa watoto wawili, tunakaa Bel-Air hapa Lubumbashi. Nina miaka 33. Nilisomea umeme UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kwa miaka kadhaa sasa niko mgodini upande wa Fungurume, katika timu inayoangalia vifaa vya kupimia na kuongozea mitambo. Zamu yangu ni wiki tatu kazini, wiki moja nyumbani. Mshahara hauchelewi. Binti yetu wa miaka saba anasoma shule nzuri, mama yangu aliyeko Likasi simwachi, na mimi na bibi yangu, mke wangu, tumenunua lupango, kiwanja cha nyumba, upande wa Annexe tukitarajia kujenga.

Shida yangu ni urubani. Nimeupenda tangu utoto, lakini ilikuwa hamu ya mbali tu. Mwaka jana kazi ilinituma Johannesburg kwa mafunzo. Siku ya mapumziko nikaenda kiwanja kidogo cha ndege cha Rand, kule Germiston, nikalipia saa moja ya kuruka na mwalimu. Tulipofika juu akaniachia usukani. Akaniambia niangalie upeo wa macho, nisikazie macho vipimo, na mimi ambaye maisha yangu yote ni vipimo nikashangaa jinsi mikono yangu ilivyotulia. Tangu siku ile, usiku kambini wenzangu wakitazama mpira, mimi nasoma habari za hali ya hewa na mabawa ya ndege. Sijawahi kusoma kitu kwa furaha namna hiyo.

Shule moja ya Afrika Kusini imenitumia proforma, hati ya makadirio ya bei: dola 58,000 mpaka leseni ya kurukia kwa malipo, bila chumba, chakula wala viza. Nina akiba ya dola 31,000. Mjomba wangu wa Kinshasa amesema atanikopesha 15,000. Zilizobaki na za kuishi zingetoka kwenye lupango.

Bibi yangu ana farmasi ndogo hapa mtaani, ameijenga mwenyewe kutoka meza moja mpaka chumba chenye rafu na friji. Nilimweleza mpango wangu usiku, kesho yake alfajiri nirudi kazini. Hakupiga kelele. Aliniambia: "Uliniomba nizoee wiki tatu, nimezoea. Sasa unaniomba nizoee nini?" Nilikosa la kusema, na asubuhi basi likanichukua. Tangu hapo simu zetu ni za ada ya shule, homa ya mtoto na bei ya dawa, basi.

Yaya, mimi naona kwamba tukivumilia miaka miwili tutakuwa mbele. Ndege ya Kinshasa inatoka Luano, kiwanja chetu cha ndege, asubuhi, jioni naamini rubani yuko kwake. Binamu wa rafiki yangu anaruka na shirika kubwa la nje, ana siku nyingi za mapumziko kila mwezi. Mimi nawaona watoto wangu wiki moja katika nne. Huyu mdogo, ana miaka miwili, siku ya kwanza nikirudi hujificha nyuma ya mama yake. Je, urubani haungenirudisha nyumbani kuliko mgodi?

Mama yangu anasema ndege zinaanguka. Baba mkwe hajasema kitu, na kunyamaza kwake kunanitisha kuliko maneno ya mama. Shule inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Je, miaka 33 ni kuchelewa? Rubani ana maisha ya nyumbani au hana? Niuze lupango? Na nirudi vipi kuongea na bibi yangu bila kumuumiza mara ya pili?

Baba wa Wawili, Bel-Air

*

Mdogo wangu Baba wa Wawili,

Nianze na lile lenye haraka: usiuze lupango, na usiandike barua ya kuacha kazi. Shule ikikuambia nafasi itapotea, iache ipotee. Shule za urubani zinahitaji wanafunzi wenye fedha kuliko wanafunzi wanavyozihitaji zenyewe, na utapata nyingine. Lakini sikuambii uizike hamu ya urubani. Mtu anayesoma kwa furaha baada ya saa kumi na mbili za mgodini ana kitu ndani yake ambacho hakipaswi kudharauliwa, wala na bibi yake wala na mimi.

Umri ndio hofu yako nyepesi kuliko zote. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linaruhusu rubani wa ndege ya abiria inayoongozwa na watu wawili kuruka kimataifa mpaka miaka 65. Hata ukikalia kiti cha kulia, kile cha msaidizi wa kapteni, ukiwa na miaka 40, mbele yako kuna miaka 25 ya kazi. Hesabu ya umri ifanye juu ya watoto, usiifanye juu yako. Huyo anayejificha nyuma ya mama yake, utakapomaliza masomo na kukusanya saa za kuruka, atakuwa na miaka saba au nane. Miaka unayotaka kuitoa ndiyo miaka yake ya kukujua wewe ni nani.

Kabla ya senti moja ya proforma, nenda kwa daktari. Rubani wa kulipwa lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hakitolewi na daktari yeyote. Ni yule aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi itakayokupa leseni. Wanapima moyo, masikio, damu, mkojo, na macho pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Miwani haikuzuii, mradi ukiivaa unafika kiwango, na utatakiwa kubeba miwani ya akiba. Wapo watu waliolipa nusu ya masomo ndipo wakaambiwa macho yao hayatofautishi taa nyekundu na kijani. Usiwe mmoja wao, na hasa usiwe mmoja wao kwa fedha ya farmasi. Ujue pia kwamba cheti hicho kinapimwa upya angalau kila miezi 12 maisha yako yote ya kazi. Mgodini ukiugua moyo kidogo utahamishiwa ofisini. Rubani akinyimwa cheti hana kazi siku hiyo hiyo, ndiyo maana stashahada yako ya umeme usiiache ikaoza.

Kiingereza vilevile. Tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima afikie angalau daraja la 4 katika vipimo vya ICAO vya lugha. Sisi wa Lubumbashi tumesoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, lakini ukivuka tu anga la Zambia redio ni Kiingereza, tena cha haraka. Hujaniambia chako kikoje. Hicho kinajengwa hapa hapa, kambini, bila kumwacha mtu.

Sasa proforma yenyewe. Umeandika "mpaka leseni ya kurukia kwa malipo" kama vile leseni ndiyo mlango wa kazi. Siyo. Kwa vipimo vya ICAO leseni hiyo hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 kama umesoma kozi nzima iliyoidhinishwa bila kukatiza. Lazima uongeze kibali cha kuruka kwa vyombo bila kuona nje, na cha ndege ya injini mbili. Leseni ya juu kabisa, ile ya kapteni wa shirika la ndege, inataka saa 1,500. Katikati ya 200 na 1,500 ndipo vijana wengi hukwama. Wana leseni, wana deni, hawana saa, na mwenye ndege hataki kumpa ndege mtu asiye na saa. Wengine wanakuwa walimu wa wanafunzi. Wengine wanakwenda Maun, Botswana, kubisha hodi kwenye ofisi za ndege ndogo zinazopeleka watalii delta ya Okavango, wakingoja miezi mingi mtu awaite, na hapo ni juu yako kupata kibali cha kazi cha nchi hiyo. Ukirudi Kongo, leseni ya Afrika Kusini haiendeshi ndege iliyosajiliwa kwetu mpaka mamlaka yetu ya anga iithibitishe. Na shirika likikuchukua, kuna mafunzo ya aina ile ya ndege, kwenye simyuleta, mashine ya kuigiza urukaji, na mara nyingine mwajiri anataka uyalipie mwenyewe.

Kwa hiyo ile "miaka miwili" unayoihesabu ni miaka ya shule peke yake. Kipindi cha bila mshahara, au cha mshahara mdogo kuliko ulionao leo, kihesabu kuwa mitatu hadi mitano. Na hata hiyo ya shule hurefuka. Johannesburg kuanzia Novemba hadi Machi ina mvua za radi za mchana kama zetu, mwanafunzi anakaa chini akiangalia mawingu huku kodi ya chumba inaendelea. Usilipe shule yoyote fedha zote kwa mara moja, hata wakikupunguzia bei. Lipia saa chache chache. Shule ikifunga milango, fedha uliyotanguliza inakwenda nayo.

Nifike kwenye swali lako kubwa, kama urubani utakurudisha nyumbani. Kwa mtu wa miaka 50, kapteni wa siku nyingi, pengine ndiyo. Kwa wewe utakapoanza, sidhani.

Unaona rubani anaondoka Luano asubuhi na unadhani jioni yuko kwake. Uliza kwake ni wapi. Ethiopian ikitua hapa inarudi Addis Ababa, Kenya Airways inarudi Nairobi, na mashirika yetu makubwa, kama Air Congo, makao yao ni Kinshasa. Rubani anayelala kwake kila siku ni yule ambaye nyumba yake iko pale ndege inapolala. Kwako hiyo maana yake ni Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Bel-Air, mji wa saa nyingine na lugha nyingine, ambako hakuna basi la kukurudisha Ijumaa. Fungurume, mtoto akizidiwa, unaomba ruhusa na usiku huo huo unafika. Kutoka Kinshasa unaomba kiti kwenye ndege, kama kipo.

Utaniambia familia itahama. Inawezekana, na wapo waliofanya hivyo wakafurahi. Lakini sema kwa sauti kitu ambacho hamko tayari kukisikia: farmasi haihami. Wateja wa bibi yako ni watu wa Bel-Air wanaomjua kwa jina, wanaomkopa Jumatatu na kumlipa mwisho wa mwezi. Akifika Kinshasa anaanza tena na meza moja, kwa Lingala, bila dada zake. Na mama yako wa Likasi anabaki bila mtoto wa karibu.

Kisha kuna ratiba. Zamu ya mgodini ni ngumu, lakini inajulikana. Bibi yako leo anaweza kukuambia Aprili uko wapi. Anaweza kupanga ubatizo, ziara ya shuleni, ukuta wa lupango, kwa sababu wiki yako ya nyumbani iko kwenye kalenda na mwenzako anaweza kubadilishana nawe. Rubani mpya yuko chini kabisa. Katika mashirika mengi kinachoamua nani apate Noeli, nani apate likizo ya watoto, nani apate safari nzuri, ni tarehe uliyoingia kazini. Waliotangulia wanachagua, wewe unapokea kilichobaki. Unawekwa zamu ya akiba: umevaa, simu mkononi, hujui kama utaitwa, na siku hiyo huwezi kuiita ya familia ijapokuwa mwili wako uko sebuleni. Ukihama shirika baada ya miaka kumi, unaanza tena chini. Mimi nadhani hilo la kutojua ndilo linalochosha nyumba za marubani kuliko umbali wenyewe. Mwanamke anaweza kujenga maisha juu ya wiki tatu. Juu ya "labda" hajengi.

Na zile siku nyingi za mapumziko za binamu wa rafiki yako, ni kweli zipo. Sheria zinambana mwajiri: Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kupita saa 100 za kuruka katika siku 28, wala 900 katika mwaka wa kalenda. Ukisikia saa 100 kwa mwezi unaona ni kazi ndogo. Lakini saa hizo ni za ndege inayotembea tu. Kufika mapema, kungoja mizigo, kuchelewa kwa mvua, kulala hoteli ya mji mwingine kwa kuwa umefikia kikomo, hayo hayamo. Mapumziko ambayo sheria inalazimisha, mengi utayapata kwenye kitanda cha hoteli. Na ukirudi umetoka kuamka saa tisa usiku mara nne mfululizo, unalala mchana watoto wakiambiwa wasipige kelele.

Kuna ndege ndogo za kukodi zinazolala Luano, najua utaniuliza. Huko ungeweza kulala Bel-Air. Hapo ndipo namsikiliza mama yako. Wewe umechoshwa na maneno yake, lakini hayakutoka hewani: kwa miaka mingi, tangu 2006, mashirika yote yenye cheti cha Kongo yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya yale yasiyoruhusiwa kuruka kwake. Hilo halimaanishi kila ndege ndogo hapa ni mbovu. Linamaanisha kwamba kabla ya kupokea kazi uulize nani anaitengeneza, vipuri vinatoka wapi, na kama rubani akisema "leo hatutoki" bosi anamsikiliza. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, rudi nyumbani.

Kazi hii pia inafuata dunia. Mwaka 2020, korona ilipokuja, marubani wenye saa maelfu waliachishwa kazi kila bara. Januari 2025 vita ilifika Goma na kiwanja chake kikafungwa, na waliokuwa wakiishi kwa njia ile wakabaki bila njia. Shaba nayo hupanda na kushuka, hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa bibi yako. Nimelisoma lile neno lake mara nyingi. Hakusema "usiende". Aliuliza swali, na swali lake lina jibu linaloweza kuandikwa kwenye karatasi. Nizoee nini? Miezi mingapi? Utarudi mara ngapi, tiketi nani analipa? Ada ya binti itatoka wapi mwezi wa tisa? Friji ya dawa ikifa, fedha ya kununua nyingine iko wapi kama akiba yote iko Johannesburg? Likasi nani atapeleka? Ukishindwa mtihani, utarudia mara ngapi kabla ya kusema basi? Shule imekuletea proforma ya ndege. Wewe hujamletea bibi yako proforma ya nyumba, na alichokiomba ni hicho.

Iandike. Keti kambini, na kalamu, mwezi kwa mwezi kwa miaka mitano, uweke kila kitu ambacho leo mshahara wako unakilipa bila mtu kukiona. Usipendezeshe. Acha sehemu tupu pale ambapo yeye ndiye anayejua bei, kwa sababu hizo ni nyingi kuliko unavyofikiri. Kisha usimletee usiku wa mwisho tena. Usimletee hata usiku wa kwanza, wakati mtoto bado hajakuzoea na yeye amechoka kuwa peke yake. Katikati ya wiki, watoto wamelala, farmasi imefungwa. Anza kwa kujibu swali lake, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mchungaji, mama na baba mkwe wasiwepo. Baba mkwe mtamwendea wawili, mkiwa na neno moja; nadhani ananyamaza kwa sababu anangoja kuona kama binti yake ameulizwa.

Kama ningekuwa mahali pako, ningechelewa kidogo, kwa makusudi. Mwaka huu ningefanya cheti cha afya na Kiingereza. Wakati huohuo ningeanza masomo ya nadharia kwa mbali. Usiku wa kambini unatosha kwa hayo, na kichwa chako cha vipimo na umeme kitakusaidia pale wengine wanapolia. Halafu ningechukua konje, yaani likizo, ya mwaka na kuanza leseni ya kwanza, ile ya binafsi, ambayo kwa ICAO kiwango chake cha chini ni saa 40. Huenda itakuchukua konje mbili. Haikupi kazi, lakini saa zake zinahesabiwa kwenye zile 200, bei yake ni sehemu ndogo ya 58,000, na hutakuwa umeacha mshahara. Itakuonyesha pia kama unaupenda urubani wenyewe, kurudia kutua mara hamsini kwenye upepo wa ubavuni, kufeli na kurudi kesho, au uliipenda ile saa moja ya Rand. Ukifika hapo utakuwa na miaka 35 au 36, mdogo ataanza shule, akiba imeongezeka, na bibi yako atakuwa amekuona ukitimiza ulichoandika. Hapo ndipo muamue kama wewe utaondoka kwa miezi mirefu. Akisema hapana wakati huo, baada ya kuona yote, hiyo hapana iheshimu. Leseni ya binafsi itabaki yako, na mtu anaweza kuruka Jumamosi na kubaki injenia.

Najua kuchelewa kunauma. Lakini kwenye kazi inayofika miaka 65, miaka miwili ya kungoja inakupunguzia kidogo sana. Kwa mtoto wa miaka miwili ni sawa na maisha yake yote mpaka leo.

Kuhusu lupango: hata hati ikiwa na jina lako peke yako, kama mmefunga ndoa kwa sheria, Sheria ya Familia (Code de la famille) ya nchi yetu, ile iliyorekebishwa 2016, inataka wote wawili mkubali kabla ya kuuza ardhi au nyumba. Na nusu ya fedha, unajua mwenyewe, imepita kwenye kaunta ya farmasi. Toa lupango kwenye hesabu ya urubani kabisa, mwambie hivyo siku ya kwanza ya mazungumzo, na utaona jinsi atakavyokusikiliza tofauti.

Imebaki fedha ya mjomba. Mpigie mjomba simu, bibi yako akiwa karibu, umwulize mambo mawili: anataka kuanza kurudishiwa lini, na kama kijana wake akihitaji fedha hizo ghafla utafanyaje. Wewe hutakuwa na cha kumrudishia kwa miaka mitatu angalau. Kama anakubali, muandikiane, na karatasi moja ikae kwa bibi yako. Kama anataka kila mwezi kuanzia sasa, mshukuru na umwombe aiweke mpaka utakapokuwa na leseni ya kwanza mkononi.

Niandikie ukishatoka kwa daktari.

Yaya